Nyayo za Fundi wa Boila

Fundi hakuamini kipimo cha joto, aliamini nyayo zake. Alipokwisha kuunga boila ya makaa ya mawe na mabomba ya maji ya moto yaliyozikwa sakafuni ili kuipasha joto, alivua soksi, akaanza kuzunguka ndani ya nyumba ya Mama Tsermaa pekupeku.

"Mwanangu, unakagua au unacheza ngoma?" Mama Tsermaa, mwenye magoti mabovu, alimtania. "Chai ya chumvi inapoa!"

"Iache ipoe, mama. Makaa hayana adabu. Ukiyaachia, huku utaungua, kule utaganda."

Akarudi kwenye koki ya kuchanganyia maji ya moto na ya baridi, akatoa hewa bombani, kisha akajilaza kando ya kitanda cha mama, shavu sakafuni, asikilizie joto. Haukupita muda, akakoroma. Mama Tsermaa akaleta blanketi amfunike. Akainama kwa taabu, akagusa sakafu, akalirudisha sandukuni.