Koti Lililoitwa Ofisi

Wifi yangu Daphrose ni fundi cherehani wa Gatsata, mtaa wa magereji hapa Kigali. Alikulia Burundi, akaacha shule darasa la nne, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akirekebisha suruali za makanika. Kiswahili anakisikia vizuri kuliko anavyokisema. Mimi nilisomea Tanzania na nimekifundisha sekondari, kwa hiyo ilipokuja barua kwamba kazi yake imepita mchujo wa kwanza wa maonyesho ya wasanii wa Afrika Mashariki, ni mimi niliyemsomea.

Nilipofika mstari unaotaja kazi yenyewe, nilirudia kuusoma. "Koti la mwanamume, vitambaa, nyuzi. Jina: Ofisi."

Koti lile nalijua. Ni la marehemu mume wangu Valens, kaka yake Daphrose. Valens aliachishwa kazi wizarani Kacyiru na hakumwambia mtu nyumbani. Kwa miaka miwili alivaa suti kila asubuhi, akaniaga, akaenda kukaa dukani kwa dada yake akijifunza kushona matundu ya vifungo. Matumizi aliyatoa kwenye kiinua mgongo. Moyo wake ulisimama palepale, kwenye stuli ya cherehani. Mimi na Daphrose tulitangaza kwamba amefia kazini, na watoto wangu waliamini hivyo.

Daphrose alikuwa amelipindua koti, bitana ikawa nje, na juu yake ameshonea vipande vyote ambavyo Valens alijifunzia. Upande wa kushoto matundu yamepinda, kulia yamenyooka.

"Libadilishe jina," nilimwomba. "Liite Koti tu."

"Kwamba ni koti kila mtu anaona, wifi. Hilo halihitaji kuandikwa."

Siku ya majaji nilikwenda naye. Ndani ya ukumbi tulimkuta Kamanzi, aliyekaa ofisi moja na Valens wizarani; alijua kwamba Valens aliachishwa, ila si alikokuwa akishinda. Binti yake alikuwa na mchoro ukuta wa pili. Aliniinamishia kichwa. Sijui kama nilimjibu.

"Tulia," Daphrose alininong'oneza. "Anayepimwa ni mimi. Wewe unatetemeka kama anayesubiri sindano."

Majaji wawili, mama wa Arusha na bwana wa Kampala, walisimama mbele ya koti. Mkalimani alikuwa bado na mchongaji upande wa pili.

"Wifi yangu atanisemea," Daphrose alisema, kisha akaendelea kwa Kinyarwanda: "Hili ni la kaka yangu. Alipoteza kazi, akaona aibu, ofisi yake ikawa kwangu."

Nilimwona Kamanzi akisogea. Mdomo wangu ukasema: "Anasema lilikuwa la mteja. Alilileta lirekebishwe, hakurudi."

Mama wa Arusha aliandika. "Inasikitisha," akasema, wakahamia kazi nyingine.

Daphrose hakupaza sauti. "Umesema mteja. Mimi ni fundi, wifi. Neno hilo nalijua kwa kila lugha inayoingia dukani kwangu." Akashika hanga. "Nalishusha. Bora lirudi Gatsata kuliko likae hapa kama la mtu asiyejulikana."

"Ukilishusha umejitoa. Barua ilisema hivyo."

"Najua. Ulinisomea vizuri, siku hiyo."

Tayari alikuwa ametoa bega moja la koti kwenye hanga. Nilimwambia angoje.

Zilikuwa hatua kama kumi hadi kwa majaji. Kamanzi alisimama karibu nao. Angesikia kila neno.

"Samahani," nilimwambia mama wa Arusha. "Nimetafsiri vibaya." Katika miaka yote ya ualimu sikuwahi kusema hivyo mbele ya watu. "Si mteja. Ni kaka yake. Ni mume wangu. Aliachishwa kazi, na duka la dada yake ndilo lililokuwa ofisi yake."

Kamanzi aligeuza kichwa. Sikumtazama. Mama yule alilikata neno mteja kwenye karatasi yake, akaniuliza marehemu aliitwa nani na jina linaandikwaje.

Nikamtajia herufi moja moja, kuanzia V, na sauti ilikuwa bado inatetemeka nilipofika S.