Ndizi ni Njano

Binti yangu alirudi kutoka shuleni akiwa ameficha daftari ndani ya sweta. Alikuwa na miaka sita, yuko darasa la awali, na mpaka siku hiyo daftari lilikuwa kitu cha kwanza kunionyesha, hata kabla hajaniamkia. Nilimvua sweta nikidhani kuna ukurasa umeraruka. Hakuna kilichoraruka. Kulikuwa na picha ya mgomba wenye mkungu, ya kupakwa rangi, na mkungu ule alikuwa ameupaka kijani vizuri kabisa, bila kutoka nje ya mstari. Juu yake mwalimu alikuwa amepiga kosa la kalamu nyekundu toka kona hadi kona, na chini ameandika: Ndizi ni njano.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Tunaishi Ihanda, Karagwe. Nyumba yetu iko katikati ya shamba. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na mgomba, ukifungua wa jikoni unakutana na mwingine, na kati yake kahawa. Mtoto huyu ameachishwa ziwa kwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, ambazo tunazikata zikiwa kijani na kuzimenya zikiwa kijani. Zile za pombe zinaivia shimoni, zimefukiwa, hata mimi huwa sizioni rangi yake mpaka siku ya kukamua. Sisemi ndizi ya njano haipo. Ipo, na tukiipata tunaila. Lakini mkungu mzima wa njano, bado uko juu ya mgomba? Ukiuona shambani kwa mtu, ujue mwenye shamba amelazwa. Mwanangu alikuwa amepaka alichokiona.

Na mwalimu mwenyewe si mgeni, tuseme hajui. Kwao ni Kamuli, amekulia kwenye migomba kama sisi.

Mume wangu alilitazama daftari, akalirudisha mezani, akasema, "Si apake hiyo njano wanayoitaka, yaishe?" Nilimjibu, na nilivyomjibu siwezi kuandika hapa.

Hayakuisha. Kabla ya hapo, ukuta wa jiko langu ulikuwa umejaa michoro yake ya mkaa: mbuzi, kuku, bodaboda ya mjomba wake yenye abiria watatu na godoro. Nilikuwa namgombeza kwa kuchafua ukuta. Sasa mkaa ulilala pale pale kwenye mafiga. Mdogo wake wa miaka minne akamwomba amchoree kuku, naye akamwambia hajui. Hajui! Kuku waliokuwa ukutani mbele ya macho yao walikuwa wake. Wiki moja baadaye nikafungua daftari nikakuta picha ya mbuzi chini ya mti. Mbuzi njano, majani njano, ardhi njano, mpaka mawingu.

"Mbuzi wetu ni njano?" nikamuuliza.

"Njano ndiyo ya kupata vema," akasema.

Siku ile nilikaa kwenye kigoda nikalia, nikasingizia moshi.

Kwenye simu tuna kundi la wazazi, nikaomba ushauri: nifanye nini na mtoto aliyeacha kuchora? Ushauri ukamiminika. Mchukue karatasi za rangi, gundi, mkasi usio na ncha, rangi za maji na brashi zake, mkae mezani mtengeneze vipepeo. Nilisoma huku nacheka kwa hasira. Duka letu lina chumvi, sabuni, betri na biskuti zilizolainika. Huyo kipepeo nimtengeneze kwa sabuni ya kipande?

Nikatumia nilivyo navyo. Nikachimba udongo wa kichuguu, nikaukanda na maji, nikawakalisha barazani. Mdogo alifinyanga ng'ombe mwenye miguu mitano, akafurahi. Dada yake alishika donge lake mkononi mpaka likakauka. Kesho yake nikachanganya jivu na maji kwenye kopo wapake ubao. Mkubwa akauliza, "Mwalimu anataka tuchore nini?" Nikamwambia mwalimu hayupo hapa. Akatazama njiani kuhakikisha.

Hapo ndipo nilipokata kichane cha ebitoke, nikakifunga kwenye kanga, nikaenda shule. Mwalimu alinipokea kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikafungua kanga, nikaweka kichane mezani. "Mwalimu, hizi ni rangi gani?"

Akaelewa, akacheka kwa aibu. "Mama jamani, najua. Lakini kitabu kinasema njano. Wakija kukagua wakute nimeweka vema kwenye kijani, nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba uko Karagwe."

Akainamisha uso. Nyuma yake watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, nikaona kweli amechoka, na kuona huko kukaniudhi zaidi, maana kulininyima raha ya kumpigia kelele. Mwishowe akakichukua kile kichane, akanishukuru sana, akasema atazipika jioni na maharage. Yaani nilikwenda kugombana, nikaishia kumpelekea mwalimu chakula.

Jumamosi mume wangu alikata mkungu, akaangusha na mgomba wake. Utomvu ukawa unachuruzika. Huku kwetu kila mwanamke ana gauni moja la shambani lenye madoa ya utomvu, na hakuna mama ambaye hajamchapa mtoto kwa kwenda mgombani na nguo ya kanisani. Utomvu ukidondoka ni maji tu, huoni kitu. Kesho yake doa limekuwa la kahawia, keshokutwa linaelekea kuwa jeusi, na sabuni hailiwezi. Nikalitazama gauni langu, nikaingia ndani nikatoa shuka jeupe lililochanika katikati, nikalitandaza nyasini. Nikakata vipande vya mgomba vyenye vile vidirisha vyake ndani. Mdogo akaanza kugonga navyo mihuri kwenye shuka kama karani.

Dada yake akachungulia. "Mbona hakuna rangi?"

"Itakuja yenyewe. Hatuichagui."

Alisimama kidogo. Kisha akaokota kijiti, akakichovya kwenye utomvu, akapiga magoti. Hakuinuka mpaka saa ya kula.

Mama mkwe alipotokea na kikapu chake alipiga yowe. "Mwanangu, umechanganyikiwa? Utomvu kwenye shuka? Halitoki hilo!"

"Ndiyo, mama. Sitaki litoke."

Jumapili asubuhi tulilianua, madoa yote yamegeuka kahawia. Katikati ya mihuri ya mdogo wake kulikuwa na mgomba, mkungu umeinamia upande mmoja kama unavyokuwa kweli, kuku wawili chini, na mtu wa gauni ameinua panga.

"Huyu nani?"

"Wewe. Unakata ebitoke."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nikamwambia shuka hili nalitundika sebuleni, kila anayeingia alione. Akakamata pindo lake kwa mikono miwili.

"Sebuleni hapana, mama. Mwalimu ataliona."

"Akiliona kuna nini?"

"Si njano."

Mwalimu hupita kwetu Jumapili akitoka kanisani. Nilitamani alione, nilitamani kulitundika njiani kabisa, kwenye mti wa kahawa ulio karibu na barabara. Lakini shuka si langu. Nikalitundika chumbani, kama alivyotaka.

Amerudia kuchora, ukuta wa jiko umejaa tena. Na kila Jumapili, sauti ya mwalimu ikisikika uani, binti yangu anaacha chakula, anakimbia kufunga mlango wa jiko na wa chumbani, ndipo anakwenda kumwamkia.