Ngoma Hupashwa Moto Kwanza

Siku ile ya Mandawa naikumbuka, mwanangu, kama imepita jana. (Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu bado zinahesabika, nasaha haisubiri mvi.) Nilitoka kwetu Nambambo, Nachingwea, nikaja kijiji hicho cha Mandawa, Ruangwa, kujitolea kufundisha hesabu, elimu yangu kidato cha nne tu, na kishikwambi cha kuazima mkononi.

Zuhura wa darasa la sita alikuwa amegoma kurudi shule. Kigawe kidogo cha shirika, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote mbili, kilimshinda, wenzake wakambandika jina: Sifuri. Nikamfuata kwa bibi yake, mpiga ngoma za mavuno. Nilitaka bibi apige, kishikwambi kinase mlio na kuonyesha kila pigo kama nukta kwenye kioo, ili Zuhura aione hesabu kwa macho.

"Piga tu, bibi, chaji inaisha."

Akanitazama. "We mjukuu wangu, huko kwenu mnapiga ngoma baridi?" Akawasha manyasi, akaielekeza ngozi kwenye moto, akiigonga kwa kidole na kusikiliza. "Ngozi iliyolala ukiipiga inakoroma. Na mtoto ndiyo hivyo hivyo. Mmempiga hesabu hajapata moto."

Nikakiweka kishikwambi chini, nikamsogezea manyasi.

Ngoma ilipoiva, bibi akashika ndogo, pigo kila hesabu ya tatu. Zuhura akashika kubwa, kila ya nne. Mchezo huo aliujua tangu yuko mgongoni. Nukta nyekundu na za bluu zikatiririka kiooni, kila moja na njia yake, kisha nyekundu na ya bluu zikaangukiana.

Zuhura akaacha kupiga. "Zimekutana!" Akahesabu kwa kidole. "Kumi na mbili... halafu ishirini na nne! Kaka, ndiyo ile ya ubaoni?"

"Ndiyo yenyewe."

Bibi akainamia kioo, akagusa nukta zake polepole. "Kumbe mikono yangu inaandika!"

Hesabu ile ilikuwa inachezwa uwanjani miaka yote, nasi tukiitafuta ubaoni.

Kesho yake asubuhi Zuhura akaingia darasani, ngoma kichwani. "Sifuri kaja na ngoma!" wakacheka. Yeye akaitua, akamgeukia mwalimu: "Mwalimu, naomba kiberiti kwanza."

Mwanangu, mcheza kwao hutunzwa. Ukipata chombo kipya, usikimbilie kukiwasha. Anza na moto wa nyumbani, mtu apashwe kwa kile anachokipenda, ndipo umfundishe. Mungu aipashe akili yako, na popote uendapo, mapigo yako yakutane na ya wenzako.