Maboga ya Ukutani

Kwa miaka miwili nilichora maua nisiyoyajua. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, na mwalimu wa video alipenda peoni, maua ya huko Ulaya. Basi nami hapa Kasese, jua likichoma mabati, nikawa bingwa wa peoni. Mama, mkulima wa Maliba, mjane wa mchimba madini, aliitazama tableti yangu ya kuchorea mara moja tu akauliza ua hilo huzaa nini. Nilimjibu kwamba haelewi sanaa. Lakini nilitamani sana, siku moja, aseme kwamba hii ni kazi.

Ndipo mwenye loji mmoja wa Bwera, kule mpakani, akaagiza picha ya mapokezi. Sharti lake: maua ya kwetu. Nikapanda boda boda hadi Maliba. Mama alikuwa kanisani na maboga yalikuwa yamechanua. Nikachagua maua yenye kile kitumba cha duara nyuma, kwa kuwa yalikaa vizuri kwenye birika nililotaka kuyachora ndani yake. Nikayakata yote. Yale ya kikonyo chembamba niliyaacha. Niliona hayana umbo.

Wiki mbili nikapaka rangi, tabaka juu ya tabaka. Nikikosea, nagusa alama ya kurudi nyuma na kosa linafutika. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu wasio na tableti.

Picha ikachapishwa, ikatiwa fremu, nikaipeleka Bwera nimevaa koti. Mwenye loji akakigusa kitumba kimoja, kisha cha pili.

"Mutu mwenye alikata hii maua iko na akili kweli? Hii njo ya kike, yenye inazaaka boga. Wageni yangu beko wakulima, batanicheka."

Akanirudishia picha, akaomba nimletee ya waridi. Kila mtoto wa Maliba anajua kwamba huchumwa ua dume, jike huachwa lizae. Mimi niliyelelewa kwa maboga hayo nilikuwa nimesahau.

Nikampelekea mama ile fremu. Afadhali angenitukana. Alisema rangi nimeipatia, akaitundika jikoni juu ya mafiga.

Msimu huu kwetu hakuna boga hata moja. Jirani akija kuomba, mama anamwonyesha ukuta kwa mwiko.

"Maboga yetu ni ile pale," anasema. "Mtoto yangu iko na kazi siku hizi. Alishavuna yote."