Nusu ya Chandarua

Katibu wa wahitimu wa chuo kimoja cha ualimu huandika habari za wenzao waliofariki kwa penseli, maana marehemu, asemavyo, hupambwa mno wiki ya kwanza. Hukaa barazani kwake mtaa wa Kitaji, daftari magotini, akachonga penseli kwa wembe, akapuliza vumbi, ndipo akauliza. Ukimwambia marehemu alikuwa mcheshi, anafuta. "Alimchekesha nani, lini?" Kila marehemu ana tendo moja tu mle ndani, na shahidi wake. Ndiyo maana Matrida, aliyetoka Butiama kumwandikisha kaka yake Stanslaus, jasho lilikuwa linamtoka. Kaka alikuwa mkimya. Wawili aliosoma nao, wa Bunda, walikumbuka kijiji chake tu, basi.

"Alikuwaga mtu mwema, Mwalimu."

"Wema upi, dada?"

Matrida alijifunga khanga vizuri ili aondoke, kaka yake akiwa hajaandikwa. Katibu akaanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali kama sindano, akachonga mpaka ikabaki kipande, akaandika taratibu, kisha akamgeuzia daftari asome: *Mwaka wa kwanza sikuwa na chandarua. Alikata chake kwa mkasi, akanipa nusu. Tuliugua malaria wote wawili.*

Matrida alicheka huku anafuta macho. "Na shahidi?"

"Mimi," alisema katibu, akatazama pembeni. "Una kalamu ya wino hapo, dada? Mimi huwa sinunuagi."