Maziwa ya Ukweni Bwizibwera

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, mtoto wa mihogo na maharage. Siku nilipokwenda Bwizibwera kujitambulisha ukweni, mama mkwe aliniletea jagi la maziwa freshi. Kwa wafugaji wale, kukataa maziwa ni kukataa watu, na mimi kwa kujipendekeza nikaomba la pili. Wakapiga makofi. Kurudi Kashojwa, kijiji chetu huku Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, hakuna kichaka cha njiani nilichokiruka.

Mama aliponiona nimejikunja, alihukumu papo hapo. Kwetu mtu akiumwa tumbo baada ya kula ugenini, hatutafuti ugonjwa, tunatafuta aliyemwekea sumu.

“Balikutilia sumu!” alilia. “Ile ndoa imekufa. Hautarudia kule!”

Nilimpenda mno yule binti, na niliogopa kumkosa kwa ajili ya jagi. Nikampigia simu. Alikuwa muuguzi kliniki moja ya Nyamityobora, Mbarara, na alipenda kusoma jinsi mwili wa binadamu ulivyobadilika kizazi hata kizazi. Alicheka mpaka nikakasirika. Jumamosi akaja mwenyewe na mtindi, akaketi mkekani na mama.

“Mama, si sumu,” alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Mtoto kila moja anaweza maziwa. Akiacha kunyonya, watu mingi tumbo inasahau. Sisi babu zetu waliishi na ng'ombe. Mwenye tumbo haikusahau alipona njaa, akazaa watoto mingi. Tumbo ile ndiyo tulirithi.”

Niliona haya. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuhimiza glasi ya maziwa kila asubuhi, na waliolalamikia tumbo niliwaita wavivu. Siku hizi nawaambia waanze na mtindi kidogo, maana maziwa yakiganda, ile sukari yake inayosumbua tumbo hupungua, na maharage wasiyaache. Sasa nikibisha hodi wananifungulia.

Jumamosi ile mama aliuonja mtindi, akangoja. Tumbo likanyamaza. Akaonja tena, kisha akamkazia macho mchumba wangu.

“Na batoto benyi mutazala, batakuwa na tumbo ya nani?”

“Yangu, Mama, Mungu akipenda. Ile inashinda mara mingi.”

Mama akanigeukia, uso umemng'aa kwa furaha.

“Sasa unangojea nini? Oa mbio, bajukuu bangu bakunywe maziwa!”