Msomi Nyuma ya Kopo

Foleni za sukari tumeshazisahau, lakini juzi nje ya ofisi moja ya maji huko Temeke niliikuta ile ya zamani: mawe, kandambili na makopo yamepangwa mstari mbele ya dirisha kutushikia nafasi, wenyewe tumekaa kivulini.

Akaja kijana wa tai, kwapani faili la utafiti. Alisema anasomea shahada ya uzamili, namna ya kuwapangia wananchi huduma.

Akamgeukia mama mmoja aliyekaa nasi: "Shikamoo mama. Wa mwisho nani?"

"Marahaba. Lile kopo."

Akatabasamu kwa huruma. Akatueleza kuwa foleni ya kisasa ni ya watu, anayetaka huduma asimame mwenyewe.

"Simama basi, baba. Sie tupo hapa."

Akasimama juani peke yake, nyuma ya kopo. Dirisha halikufunguliwa. Shati likamganda mgongoni. Mwishowe akatazama kulia na kushoto, akaliweka faili chini, akalinyoosha sawa na kopo, akaja kivulini.

"Mama, niangalizie."

Mama akainuka, akaokota jiwe, akaliweka juu ya faili lisipeperuke.

Wanaosema wananchi hawaungi mkono utafiti wa chuo kikuu hawakuwapo. Mie nimeona ukiungwa, tena kwa jiwe.